Radi ya Runyanya: kisa cha tarehe 28 Juni

Jumanne ya tarehe 28 Juni 2011, mvua ya ngurumo iliikuta Shule ya Msingi Runyanya, wilayani Kiryandongo, Uganda, watoto wakiwa darasani. Radi ikaipiga shule. Wanafunzi 18 walikufa na wengine zaidi ya 30 wakajeruhiwa. Mimi ni mwalimu, na kila nikiikumbuka siku ile, mawazo yangu huenda kwenye daftari la mahudhurio. Jumatano asubuhi lilikuwepo pale lilipowekwa, na majina yale yote yakiwa bado yameandikwa.

Tarehe hiyo sasa imo katika kalenda ya dunia. Tarehe 28 Juni kila mwaka ni Siku ya Kimataifa ya Usalama dhidi ya Radi, na ilichaguliwa kwa sababu ya watoto wa Runyanya. Hapa kwetu wapo wanaoishi mwendo mfupi wa bodaboda kutoka shule hiyo na hawajui kwamba watu wa nchi za mbali huitaja kila Juni. Ndiyo maana nimeamua kukiandika kisa hiki kwa Kiswahili, lugha ya soko la Bweyale, ambako Mkenya aliyefika kama mkimbizi mwaka 2008, Msudani Kusini, Mkongo na Mnyoro mwenyeji hupatana bei bila kuhitaji mkalimani.

Ninapowauliza wanafunzi wangu ni nini kilichowaua watoto wale, majibu huja ya aina tatu. Kuna wanaosema ni mapenzi ya Mungu, kuna wanaosema radi ilitumwa, na kuna wanaojibu tu, "Radi, mwalimu," kana kwamba swali limekwisha. Sina ugomvi na imani ya mtu kuhusu saa ya kufa. Lakini radi ni moja, ilipiga mara moja, na wanafunzi waliokufa ni 18. Anayetaka kuielewa Runyanya lazima aeleze hiyo 18 imetoka wapi. Baada ya kulichunguza jambo hili kwa miaka kadhaa, naamini jibu lake liko katika nyumba tunazojificha. Wingu ni mwanzo tu wa habari.

Tuanze na wingu hata hivyo, maana Uganda imelijaliwa kupita kiasi. Tuko juu ya mstari wa ikweta, jua linapiga ardhi wima, na maji yapo kila upande: Ziwa Victoria kusini, Kyoga katikati, Albert magharibi, Nile ikiyaunganisha. Hewa yenye unyevu hupanda kwa kasi mchana, hufika juu mahali penye baridi kali, matone hugeuka barafu, na punje za barafu zinapogongana ndani ya wingu hugawana chaji: upande mmoja hasi, mwingine chanya. Kampala husikia ngurumo zaidi ya siku 200 kwa mwaka. Kwa hapa kwetu Juni si kilele cha mvua. Mahindi ya msimu wa kwanza yanakuwa yamebeba, na watu wanaanza kuzoea mchana mkavu. Lakini mawingu ya alasiri hayaachi kujengeka, na likija moja, linakuja na kila kitu chake.

Radi yenyewe kwa kawaida ni mkondo wa umeme wa ampea kama 30,000, ukipita katika njia nyembamba ya hewa kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Hewa ya njia ile hupata joto linalokaribia mara tano ya uso wa jua, hutanuka ghafla, na mpasuko wake ndiyo ngurumo tunayosikia. Hilo linatisha, na ni kweli. Lakini mtu anayepigwa na radi moja kwa moja, ikamshukia kichwani kutoka mawinguni, ni nadra sana. Madaktari waliochunguza majeruhi wa radi, akiwemo Dkt. Mary Ann Cooper wa Marekani aliyelifanya jambo hili kazi ya maisha yake, wanakadiria kwamba wanaopigwa hivyo ni watu 3 hadi 5 kati ya 100. Nusu ya waathirika au zaidi hupigwa kupitia ardhi. Karibu theluthi hupigwa na umeme unaoruka kutoka kitu kingine, mti kwa mfano, ukamrukia aliyesimama kando yake. Wachache hupatwa kwa kugusa kitu kilichopigwa, na wengine kwa cheche inayopanda kutoka mwilini mwao kuikaribia radi hata kama haikuwafikia.

Hii ya ardhi ndiyo ninayotaka isomwe polepole. Radi ikigonga chini haiishii pale. Umeme husambaa ardhini kama maji yaliyomwagwa sakafuni, ukali wake ukipungua kadiri unavyokwenda mbali. Mtu aliyesimama miguu ikiwa imeachana anakuwa na mguu mmoja mahali penye umeme mkali zaidi na mwingine mahali penye hafifu, na ile tofauti hupita mwilini mwake: inapanda mguu huu, inashuka mguu ule. Ng'ombe ana balaa kubwa zaidi. Miguu yake ya mbele na ya nyuma imeachana sana, na umeme ukipanda kwa mbele ukashukia nyuma, moyo uko njiani. Wafugaji wetu wanajua jinsi kundi zima linavyoweza kulala chini ya mti mmoja bila jeraha la kuonekana. Hata porini hali ni ileile. Tarehe 3 Februari 2020, sokwe wanne wa milimani, majike watatu na mtoto mmoja, walikutwa wamekufa katika Hifadhi ya Mgahinga, na dalili zilielekeza kwenye radi. Hao ni wanyama ambao dunia nzima ina wapatao elfu moja tu.

Sasa rudi darasani. Sizungumzii Runyanya peke yake. Nazungumzia darasa ambalo mimi mwenyewe nimelisimamia na ambalo msomaji wa Uganda analijua vizuri. Kuta ni za matofali au za udongo, juu kuna mabati, chini ni sakafu ya udongo au simenti iliyopasuka. Hakuna waya wa umeme ukutani wala bomba la maji. Watoto wengi hawana viatu. Mvua ikianza wanasogea pamoja upande usiovuja, wanasongamana hadi mabega yanagusana, wengine wameegemea ukuta, nguo zimelowa. Kelele ya mabati inamzima mwalimu sauti, basi wote wanangoja.

Radi ikipiga paa lile, inatafuta njia ya kufika chini. Katika nyumba ya mjini yenye nyaya na mabomba, sehemu kubwa ya umeme hupitia huko, ndani ya kuta, hadi ardhini. Katika darasa letu njia hiyo haipo. Mabati yamekaa juu ya mbao, mbao juu ya matofali, na hakuna chuma kinachounganisha paa na udongo. Umeme unaofika ukingoni mwa paa bila njia huruka, na kilicho karibu, chenye maji na chumvi ndani yake, ni watu. Ule unaoshuka kwa ukuta unafika sakafuni na kusambaa chini ya miguu isiyo na viatu. Watoto wanaogusana wanapokezana. Hivi ndivyo radi moja inavyoweza kuua darasa: watoto wale wako mahali ambapo tumewafundisha kukimbilia mvua ikija, na mahali penyewe hapajawahi kuwa salama.

Hilo la mwisho liliniuma nilipolielewa. Miaka yote nilikuwa nikipiga kengele, "Haraka, ingieni ndani!"

Mwezi wa nne uliopita mvua ilinikuta sokoni Bweyale, nikajibanza katika kibanda cha mabati cha mama mmoja anayeuza mitumba. Ngurumo ya kwanza ilipolia aliruka akafunika kioo kwa kitenge, kisha akanikodolea macho kwa sababu ya simu.

"Mwalimu, zima hiyo kitu. Unatuitia radi."

"Mama, simu haiiti radi," nikamwambia. "Wala kioo. Lakini tusogee tutoke kwenye hii nguzo ya chuma, na tukipata gari tuingie."

"Na nguo nyekundu je? Nizitoe mbele?"

"Rangi haijui, mama."

Akanitazama kwa huruma, kama anavyotazamwa kijana aliyesoma sana. Sikumlaumu. Bibi yangu naye alifunika vioo, akatukataza kuoga na kushika sufuria mvua ikinguruma. Katika hayo ya bibi, kuoga na kushika sufuria yana mantiki fulani, maana maji ya bomba na chuma kinachogusa njia ya umeme vinaweza kukuletea umeme huo. Kioo na nguo nyekundu ni woga uliotafuta kitu cha kufanya. Kandambili za mpira nazo haziokoi: radi iliyokatiza kilomita kadhaa za hewa haitazuiwa na sentimita moja ya mpira. Gari linaokoa kwa sababu ya bodi ya chuma inayokuzunguka pande zote na kuupitisha umeme nje yako, na matairi hayahusiki hapo. Kwa hiyo matatu yenye madirisha yaliyofungwa ni kimbilio, na kontena la chuma lililofungwa pia. Bodaboda sivyo, na kibanda kile chenye mabati upande mmoja na turubai upande wa pili sivyo.

Kuna suala lingine ambalo naona limechangia vifo kuliko hadithi ya kioo, nalo ni kuogopa maiti wa radi. Watu huamini kwamba aliyepigwa amebaki na umeme mwilini, au kwamba kumgusa ni kujitwika kilichomfuata. Mwili wake hauna umeme wowote. Radi mara nyingi huua kwa kusimamisha moyo na pumzi. Moyo wenyewe unaweza kurudi kupiga, lakini pumzi huchelewa, na mtu akikosa hewa moyo husimama tena. Ndiyo sababu katika ajali ya radi kanuni ya kawaida ya huduma ya kwanza inageuzwa: unaanza na yule anayeonekana amekufa. Anayelia na kujiviringisha anapumua, huyo atasubiri. Aliyelala kimya ndiye anayehitaji kubonyezwa kifua katikati, kwa nguvu na kwa haraka, na kupuliziwa pumzi, mara moja, bila kungoja gari. Ningependa kila mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, na kila mwalimu wa michezo ajue hili jambo moja hata kama hatakumbuka jingine lolote katika maandishi haya.

Kuna pia ganzi. Aliyepigwa kupitia ardhi anaweza kupooza miguu kwa muda, dakika au saa kadhaa, kisha akarudi kuwa mzima. Katika uwanja mtupu hiyo ni hofu ya kupita. Katika nyumba ya nyasi ni kifo, kwa sababu radi imewasha paa, paa linaanguka, na walio ndani wanaona mlango lakini hawawezi kuufikia.

Mifano ya nyumba kama hizi ipo kwenye kalenda, na kila tarehe inasimulia habari ileile. Tarehe 27 Agosti 2020, Arua, watoto waliokuwa wakicheza mpira walikimbilia nyumba ya nyasi mvua ilipoanza. Radi ikaipiga, 10 wakafa. Tarehe 2 Novemba 2024, katika makazi ya wakimbizi ya Palabek wilayani Lamwo, watu walikuwa wamekusanyika jioni kwa maombi, radi ikawapiga, 14 wakapoteza maisha, wengi wao wakiwa vijana na watoto waliokimbia vita Sudan Kusini. Nje ya mipaka yetu, rekodi ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani ya watu wengi zaidi kuuawa na radi moja kwa kupigwa moja kwa moja ni ya Zimbabwe: watu 21 waliojificha katika kibanda, tarehe 23 Desemba 1975. Na ile ya vifo vinavyoletwa na radi kwa njia isiyo ya moja kwa moja ni ya Dronka, Misri, ambako radi ilipiga matangi ya mafuta, mafuta yanayowaka yakasombwa na mafuriko hadi mjini, watu 469 wakafa. Hiyo ilikuwa tarehe 2 Novemba 1994, miaka 30 kamili kabla ya Palabek. Tarehe kugongana ni bahati tu, radi haina kalenda. Lakini kibanda, nyumba ya nyasi, darasa na mahali pa maombi havikugongana kwa bahati. Ni sehemu ambazo watu hukusanyika wakiamini wamejificha.

Kinga inajulikana tangu karne ya 18 na haina siri. Vijiti vya chuma juu ya paa, waya mnene unaoshuka pembe kwa pembe, na vyuma virefu vilivyozamishwa ardhini, vikiunganishwa kwa waya unaolizunguka jengo chini ya udongo. Wengi huuita mtego wa radi, na fundi wa Kampala atakwambia aresta. Jina la mtego huwa linanisumbua kidogo, kwa sababu mtego hukamata, na kifaa hiki hakikamati kitu. Kinaipa radi barabara. Kijiti ndiyo mlango wake, waya ndiyo barabara yenyewe, na ardhi ndiyo mwisho wa safari. Ukikata popote, umeiacha radi katikati ya safari, ndani ya jengo lako.

Nasema hivyo kwa sababu nimeona. Katika shule moja ambayo sitaitaja, nilienda kusimamia mtihani, nikaketi kivulini upande wa nyuma wa darasa. Kijiti kiling'aa juu ya paa. Waya wa shaba ulishuka vizuri kwenye ukuta, umeshikwa na vibanio, hadi usawa wa goti langu. Hapo ulikwisha. Ncha ilikuwa imekatwa kwa msumeno, na ilikuwa imeanza kugeuka kijani, ishara kwamba ilikatwa zamani. Chini kwenye udongo palikuwa na shimo dogo pale chuma cha ardhini kilipong'olewa. Shaba ile ilikwenda kwenye mizani ya chuma chakavu. Ndani ya darasa lile walikuwa wameketi watahiniwa, na mwalimu mwenzangu akaniambia kwa fahari, "Sisi hapa tuko salama, tuna aresta."

Paa lenye kijiti kisicho na njia ya ardhi ni baya kuliko paa tupu. Sikuweza kuinyamazia habari hiyo, nikamwita mwalimu mkuu pembeni, nikamwonyesha ncha ile kwa kidole. Alikaa kimya kwa muda mrefu. Kisha akauliza kitu ambacho hata mimi sikuwa nimekifikiria: "Mwalimu, tukirudisha shaba, wataikata tena. Tufanyeje?"

Runyanya nao waliwekewa kinga. Mwaka 2016, miaka mitano baada ya msiba, mtandao wa wataalamu wa Afrika unaoitwa ACLENet, wenye makao yake hapa Uganda, uliweka mfumo kamili katika shule hiyo, kisha ukaendelea na shule nyingine. Ninashukuru, na wakati huohuo nahesabu. Shule za msingi nchini ni maelfu kwa maelfu, na nyingi ziko vijijini chini ya mabati yasiyo na waya. Kila jengo jipya la darasa hupitia mchoro, zabuni, ukaguzi na uzinduzi wenye utepe. Choo kipo katika mchoro, rangi ya kuta ipo, bamba la jina la mfadhili lipo. Kinga ya radi naiona mara chache mno, na sioni sababu ya kuikosesha nafasi katika nchi inayonguruma zaidi ya nusu ya mwaka. Kuongeza waya na vyuma wakati fundi bado yuko juu ya paa ni rahisi kuliko kumrudisha miaka kumi baadaye.

Hadi siku hiyo ifike, shuleni kwetu tumebadilisha utaratibu. Ukiona umeme, unahesabu hadi usikie ngurumo. Kila sekunde tatu ni karibu kilomita moja. Ikifika 30 au pungufu, radi iko ndani ya kilomita 10, na mpira unasimama palepale hata kama timu iko nusu fainali. Hatutoki tena hadi ipite nusu saa tangu ngurumo ya mwisho. Ndani ya darasa watoto wanakaa juu ya madawati, miguu imekunjwa, haigusi sakafu, mbali na kuta na milango, na hawashikani. Siwadanganyi wazazi kwamba hii ni kinga kamili. Ninapunguza njia za umeme kufika kwenye mwili wa mtoto, basi. Basi la shule tulilokodi kwa ziara likiwa uwanjani, mvua ikija tunalijaza kwanza.

Na ile shule ya waya uliokatwa, nilipita tena Februari. Wamerudisha njia ya ardhi kwa chuma kisicho na bei kwenye mizani, wakaufunika sehemu ya chini kwa bomba la plastiki hadi juu ya kichwa cha mtu mzima, wakaliziba kwa simenti. Kando yake, kwa chokaa, mtu ameandika ukutani kwa herufi kubwa zilizopinda: USIGUSE WAKATI WA MVUA. Mwalimu mkuu alinionyesha kwa mkono, kisha akanishika bega tukazunguka jengo lote, pembe kwa pembe, tukihesabu waya mmoja mmoja hadi wa nne.